Madaktari wa meno warudi darasani

JE, msomaji, mara ya mwisho ulipokalia kiti cha daktari wa meno, alikuambia utoe ulimi nje autazame pande zote? Alikupapasa shingo na chini ya taya? Au alikuuliza tu ni jino lipi linalouma, akachukua sindano ya ganzi na koleo?

Nauliza kwa sababu ya mtoto wa binamu yangu, mvulana wa miaka sita anayeishi upande wa ziwa. Mwaka juzi magego yake yalianza kulegea kabla ya wakati wake. Alipelekwa katika kliniki moja ya mjini, akang'olewa jino. Baada ya siku chache taya lilivimba zaidi. Akarudishwa, akang'olewa la pili na kupewa dawa ya usaha. Ni muuguzi mmoja mzee aliyetazama uso wa mtoto huyo na kusema, "Mama, hili si jino. Mpeleke hospitali kuu leo, usingoje kesho."

Ilikuwa saratani ya Burkitt. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliueleza mwaka wa 1958. Mwaka wa 1964 wataalamu wa London waligundua ndani ya uvimbe huo virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu huvipata utotoni bila madhara makubwa, lakini malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huipa saratani hii mwanya. Ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi mno. Hata hivyo, ikitambuliwa mapema, watoto wengi hupona kwa dawa peke yake. Kijana wetu alipona. Lakini majuma aliyopoteza aking'olewa meno yasiyo na hatia yangeweza kumgharimu maisha.

Simlaumu daktari yule. Ninachouliza ni hiki: ni lini mara ya mwisho alipofunzwa juu ya ugonjwa huu? Pengine ni chuoni, miaka 20 iliyopita.

Burkitt siyo peke yake. Kuna saratani ya Kaposi, inayoletwa na virusi vingine na kuwashambulia hasa wenye Ukimwi. Aghalabu huonekana kama mabaka ya zambarau kwenye kaakaa au ufizi, na huenda ikawa dalili ya kwanza kabla mgonjwa hajajua hali yake. Tena kuna virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Aina ya 16 ya virusi hivyo husababisha saratani ya mafindofindo na shina la ulimi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara. Kwetu Kenya, tumbaku, kuberi na pombe bado ni maadui wakubwa wa kinywa. Lakini nchini Marekani, saratani nyingi za sehemu hiyo ya koo sasa zinatokana na HPV. Tusingoje mpaka moto ufike kwetu ndipo tutafute maji.

Habari njema ni kwamba HPV ina chanjo. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Mwaka wa 2020 wakuu wa dawa nchini Marekani walikubali chanjo ya aina hiyo itajwe pia kuwa kinga ya saratani za koo na kichwa. Mwaka wa 2018, chama cha madaktari wa meno wa nchi hiyo kilikuwa kimewahimiza wanachama wake wawaeleze wazazi juu ya chanjo hiyo. Je, ni madaktari wangapi wa meno hapa kwetu wanaothubutu kumwambia mzazi neno hilo? Wengi huona haya, kwa kuwa virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, hata kwa njia ya mdomo. Lakini kuzungumza bila kumwaibisha mgonjwa ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa.

Daktari wa meno nchini hawezi kupewa leseni upya kila mwaka bila alama za masomo ya kuendeleza taaluma. Sheria hiyo ni nzuri. Kasoro ni kwamba mtu anaweza kujikusanyia alama zake kwa mafunzo ya kupamba na kunyoosha meno, asiguse saratani hata mara moja. Maoni yangu ni kwamba Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lilifanye somo la saratani za kinywa na virusi vyake kuwa la lazima. Lifundishwe kwa vitendo, lifike kaunti zote badala ya kuishia katika hoteli za Nairobi, na maafisa wa afya ya kinywa walioko mashinani wasiachwe nje.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na muda hautoshi. Kukagua kinywa na shingo huchukua dakika chache tu. Tiba ya saratani iliyochelewa huchukua miezi, na shamba la familia huuzwa.

Nawe msomaji, usikae kimya. Mwambie daktari wako akukague kinywa chote. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe shingoni usioondoka, au jino la mtoto linalolegea huku taya likifura, si mambo ya kungoja. Na ukiambiwa ling'olewe la pili ilhali uvimbe unazidi, uliza kwanza: "Daktari, una hakika hili ni jino?"