Mtoto Asiyesema Naye Huumwa

Wasomaji wetu, iko kauli moja tuisikiayo mara kwa mara, nayo twataka kuipinga. Mtoto mdogo akiisha kupasuliwa hospitalini, naye akalia, watu husema, "Mwacheni, mtoto husahau upesi." Na mtu akitaka kumwimbia, au kumwonyesha picha za video, huambiwa kwamba anamdekeza.

Kwanza twauliza: ni nani aliyewaambia kwamba mtoto hasikii maumivu kama sisi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kosa hili walikuwa nalo hata madaktari. Katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa ya kulegeza viungo na dawa hafifu ya usingizi tu, kwa kudhani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 Daktari Anand na wenzake huko Uingereza walitangaza waliyoyaona kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati: waliopewa dawa kali ya maumivu walipopasuliwa, miili yao haikutaabika sana, wala hawakupata madhara mengi kama wenzao walioikosa. Basi asiyeweza kusema siye asiyeumwa.

Pili, wimbo si upuzi. Mwaka 1965 Melzack na Wall walifundisha ya kwamba habari ya maumivu, kabla ya kufika ubongoni, hupita katika uti wa mgongo kama mlangoni, na ubongo wenyewe waweza kuufunga mlango ule kidogo. Tena mwaka 2015, huko Chicago, ilitangazwa habari ya watoto 60 wa miaka 9 hadi 14 waliokwisha kupasuliwa. Wengine walisikiliza kwa dakika 30 nyimbo au hadithi walizojichagulia; wengine walivikwa vyombo vya masikioni visivyo na sauti. Waliosikiliza walisema maumivu yamepungua. Waliokaa kimya hawakuona nafuu ile. Na mtoto mdogo zaidi, ambaye hadithi ndefu humshinda, picha humshika macho na masikio pamoja.

Lakini wako na wengine, nao twawapinga kwa nguvu zaidi: wale wampao mtoto simu yenye picha ili anyamaze, wakamnyima dawa. Mtoto aweza kukodolea macho picha huku kidonda kinamchoma. Wimbo ni msaidizi wa dawa, si badala yake. Kwa hiyo mtazameni: Je, uso umekunjamana? Miguu yarusharusha? Mwili umekakamaa? Analia? Habembelezeki? Haya matano ndiyo wauguzi wengi wayapimayo kwa mtoto asiyeweza kujieleza. Mkiyaona, mwiteni mwuguzi, wala msione haya kuomba dawa.

Basi, enyi wazazi, mkimpeleka mtoto kupasuliwa, ulizeni mapema atapewa dawa gani ya maumivu, na saa ngapi. Kisha chukueni na wimbo aupendao yeye, si muupendao ninyi. Na msipokuwa na simu, sauti ya mama haihitaji umeme.