Mandhari Si Pambo la Ukutani

Imani moja imejikita miongoni mwetu, wasomi kwa wasiosoma: kwamba picha ya mlima, ya bahari au ya shamba ni pambo tu. Hutundikwa sebuleni kufunika ufa wa ukuta, huuzwa kwa mtalii, huwekwa mapokezi ya hoteli ilingane na rangi ya makochi. Sanaa yenye uzito, tunaambiwa, ni ile inayochora watu: mfanyakazi, mwanasiasa, maskini, mwanamke aliyeonewa. Hata katika fasihi ni vivyo hivyo. Mhakiki akikutana na maelezo ya mawimbi au ya msitu huyaruka akatafute ujumbe, na mwanafunzi hufundishwa kuwa mandhari ni mahali tukio linapotokea. Akishayataja kwa sentensi moja kwenye mtihani, amemaliza kazi.

Imani hii ni potofu, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Inatunyima mojawapo ya njia kongwe tulizo nazo za kusema yaliyomo moyoni, tena yale ambayo mdomo hauyawezi. Wahenga walipotaka kusema kwamba binadamu hajulikani kwa ndani hawakuanza na mhadhara. Walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa usiku. Anayedhani msitu katika methali hiyo ni pambo, na autoe, kisha aone kama kuna kilichobaki.

Twende Pate, kwenye pwani ya Kenya. Mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Ni utenzi wa mtu anayezungumza na moyo wake mwenyewe, akiukanya usidanganyike na dunia. Anauonyaje? Anauonyesha mji uliokufa. Anautembeza katika majumba ya matajiri yaliyogeuka magofu, kwenye madaka yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri na sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, kwenye vyumba ambamo popo wananing'inia. Mshairi angeweza kuandika beti zake zote kwa mafundisho matupu ya dini. Elimu yake ilimtosha. Akachagua magofu, kwa kuwa alijua moyo mkaidi hausikii hoja, lakini ukisimamishwa ndani ya nyumba tupu utatetemeka. Ondoa magofu hayo, utabaki na mawaidha ya aina tunayoyasikia kila wiki na kuyasahau njiani tukirudi nyumbani.

Hapo ndipo mtetezi wa imani hii huleta hoja yake ya pili: kwamba kuhusisha mandhari na hisia ni mambo ya Wazungu, yaliyoletwa na wachoraji wao wa karne ya 19. Jina linalotajwa kwanza ni la Caspar David Friedrich wa Ujerumani, ambaye kati ya 1808 na 1810 alimchora mtawa mmoja mdogo akiwa amesimama peke yake mbele ya bahari, chini ya mbingu iliyomeza karibu turubai nzima. Ni picha kubwa kwa kila maana, na uchunguzi wa turubai umeonyesha kwamba mchoraji alikuwa ameweka meli baharini kisha akazifuta, ili upweke usiwe na pa kukimbilia. Namheshimu Friedrich. Lakini alizaliwa mwaka 1774 na kufa 1840, na mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa kwa kawaida hutajwa kuwa aliishi kati ya 1776 na 1840. Wakati mmoja akiichora bahari ya kaskazini, mwingine alikuwa Mvita, yaani Mombasa, akitunga mashairi ambamo bahari, vyombo na pepo vilibeba mapenzi, husuda na siasa za mji. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Hawakujuana kabisa. Anayesema tumeazima jambo hili Ulaya hajaufungua ushairi wake mwenyewe.

Na tusidhani ni la washairi wa pwani peke yao. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akasoma Makerere na baadaye London, akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza kuanzia 1961. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha mbali na kwao, na bado ni kwao alikokuchora: vilima, migomba, vijia, watu wakilima, wakivuna, wakijenga pamoja. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikachukuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Wapo waliomwona mchoraji wa kitoto, kwa kuwa hakujali kanuni za umbali na kivuli kama zinavyofundishwa darasani.

Wakosoaji hao walitafuta hisia pasipo pake. Watu wa Ntiro ni wadogo, na mara nyingi huwezi kusoma furaha wala huzuni kwenye nyuso zao. Hisia ameiweka penginepo: katika namna kilima kinavyowakumbatia, katika migomba iliyosongamana kama ndugu, katika mstari wa watu unaofuata umbo la ardhi. Ni picha za mtu aliye mbali na anayejua kwamba mahali pale panamjua. Wengi wetu tunaoishi mjini, tukiwa na kijiji kinachotusubiri kila Desemba, tunaijua hisia hiyo na hatuna jina lake. Ntiro hakuhitaji jina. Alikuwa na mteremko na migomba.

Mfano mzito kuliko wote uko Murang'a, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, upande wa mashariki wa mlima uleule wa Ntiro, alichora kuta za kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Michoro ni mitano, kutoka kuzaliwa kwa Kristo hadi kusulubiwa kwake, na yote imewekwa katika nchi ya Wakikuyu, miongoni mwa watu wake na uoto wake.

Fikiria ilivyokuwa nchi hiyo wakati huo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwatoa watu wapatao milioni moja katika makazi yao yaliyotawanyika kwenye miinuko, ikawasukumia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Nyumba walizoziacha zilichomwa. Ndugu alikuwa msituni, ndugu mwingine alikuwa mlinzi wa serikali, na ukuta wa kanisa ulikuwa ukiwaombolezea waliokufa wa upande mmoja. Neno lolote ambalo mtu angelisema waziwazi lingechagua upande na kutonesha kidonda cha upande wa pili. Lakini miinuko ile ilikuwa ya wote. Mchoraji aliyemzaa Mwokozi na kumsulubisha katika ardhi hiyohiyo iliyochomwa alisema jambo ambalo hotuba isingeweza kulisema: kwamba mahali hapa pa aibu na majivu ni mahali patakatifu, na maumivu yenu yameonekana. Nani atathubutu kuniambia kwamba migomba na vilima vya ukuta ule ni pambo?

Ngũgĩ wa Thiong'o, mtoto wa miinuko hiyohiyo, aliifungua riwaya yake The River Between ya mwaka 1965 kwa miinuko miwili inayotazamana, na bonde kati yake. Mhusika hajaingia bado, na msomaji tayari anauhisi ugomvi utakaowatafuna watu wote. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba hayo ni mandhari tu, ayapite aende kwenye maudhui, anamfundisha kuruka moyo wa kitabu.

Nakubali kwamba imani ninayoipinga haikuzuka bure. Zipo picha zinazoilisha kila siku. Pita kwenye maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Arusha au Nairobi: tambarare tupu, jua jekundu likizama, mgunga mmoja, na Mmasai aliyesimama kama kivuli cheusi. Maelfu kwa maelfu ya picha za namna moja. Siwalaumu wanaozichora, wana watoto wa kusomesha na mnunuzi anataka hicho. Lakini tuseme kweli juu ya tambarare hiyo. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake walikuwa wamehamishiwa Ngorongoro. Utupu huo wa kupendeza ulitengenezwa. Aliyefukuzwa kwenye ardhi amerudishwa kwenye picha kama umbo tu, bila ng'ombe, bila kazi, bila kumbukumbu.

Kwa hiyo kosa la picha za machweo si kwamba zinachora mandhari. Kosa ni kwamba zinachora ardhi isiyo ya mtu. Kipimo ni rahisi: itazame picha, ujiulize ni nani angeumia mahali hapo pakiharibiwa. Mbele ya Ntiro jibu linakujia papo hapo. Mbele ya machweo ya dukani, hakuna. Sasa kwa nini tuitupe aina nzima ya sanaa kwa sababu soko limeichuja hisia? Hivyo ndivyo mtalii alivyopewa haki ya kutuamulia mlima wetu una maana gani.

Wapo watakaosema kwamba mandhari ni anasa katika nchi zenye njaa na dhuluma. Nawaomba wamsikilize mtu aliyehamishwa kupisha bwawa, mgodi au barabara. Muulizeni amepoteza nini. Hatataja ekari peke yake. Atawatajia mwembe, kisima, kijia cha kwenda kwa shangazi, kaburi la baba. Fidia huhesabu ardhi, mazao na mabati, na ikilipwa kwa haki ni jambo jema. Lakini huzuni ya mwembe haiingii kwenye hesabu yoyote. Inaingia kwenye wimbo, kwenye shairi, kwenye picha. Tukiziita hizo mapambo, tumemwambia mtu huyo kwamba alichopoteza zaidi hakina thamani, na tumemrahisishia kazi atakayekuja kumhamisha mwingine kesho. Hakuna siasa kubwa kuliko hiyo.

Basi tubadilike, tuanzie shuleni. Karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki amechora vilima viwili vyenye ncha na jua likichomoza katikati, hata kama kwao ni tambarare au ufukweni. Mwalimu, ikataze picha hiyo. Mwambie mtoto achore mahali alipowahi kuogopa, au mahali anapopakumbuka akiwa na huzuni, umwache ahangaike. Watunga mitihani ya fasihi, ulizeni mandhari yanahisi nini, msiulize tu yako wapi. Wahakiki, acheni kuyaruka. Nanyi wenye benki, hoteli na wizara mnaonunua picha za kuta zenu, mtafuteni mchoraji anayekijua kijito anachokichora, mlipeni bei ya kazi yenye fikra, na mwandike jina lake chini ya picha.

Katika ardhi hii wamezikwa baba zetu; imepiganiwa, imeuzwa, imechomwa na kupandwa upya. Msanii anayeichora kwa moyo wake wote anaandika historia yetu ya ndani, na anastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaompa mwandishi wa katiba.