Taa za rivasi: pima kwanza, ndugu

Kwenye ploti yetu watoto hucheza nyuma ya magari mpaka giza liingie, na otomatiki yangu ya 1998 haikuwa na taa za rivasi. Fundi wa kwanza: balbu. Zote mbili ziungue siku moja? Fyuzi nayo ilikuwa nzima. Wa pili alitaka tubadilishe giaboksi, jamani!

Kumbe dalili ilikuwapo: nikiweka P stata haizunguki, nikiweka N inazunguka. Stata na taa hizo hutegemea swichi moja, ubavuni mwa giaboksi. Niliifungua, nikasafisha uchafu ndani, nikaifunga ikilingana na N. Zikawaka.

Mimi nikibahatisha hivyo kwenye programu ya mteja, silipwi. Fundi asiye na tester simwachii gari tena.