Mjamzito asirudishwe nyumbani bila kupimwa presha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu huduma za kliniki kwa wajawazito. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, na kwa kuwa akina baba tunahimizwa kuwasindikiza wenza wetu, nimekuwa nikienda naye katika kituo kimoja cha afya cha serikali hapa kwetu. Yapo mengi ya kusema, lakini kubwa ni hili: mjamzito anaamka alfajiri, anakaa kwenye benchi hadi saa sita mchana, kisha anarudi nyumbani bila kupimwa presha wala mkojo, na hakuna anayeshtuka.

Safari hii mke wangu alipanda kwenye mzani, akapimwa tumbo kwa utepe, akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Alipouliza kuhusu presha, nesi alimjibu, “Mashine haina betri, dada yangu. Tutakupima ukirudi.” Vijiti vya kupimia mkojo navyo vilikuwa vimeisha, hivyo wenye uwezo walielekezwa wakapime kwenye maabara ya mtu binafsi iliyo jirani, walete majibu. Tukiwa ndani ya daladala niliichukua kadi nikaisoma. Uzito umeandikwa, kimo cha mimba kimeandikwa. Kwenye presha pamechorwa mstari, kwenye mkojo mstari. Hudhurio lililotangulia nalo, kwenye mkojo, lilikuwa na mstari.

Atakayesema hilo ni jambo dogo, ajiulize kifafa cha mimba kinagunduliwaje. Presha ya mjamzito inaweza kupanda naye asihisi chochote, akaendelea kupika na kufua kama kawaida. Baada ya wiki ya 20, ikifika 140/90 au zaidi, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hiyo ni hatari inayotakiwa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Mama akisubiri hadi kichwa kimuume sana, aone maluweluwe au apate maumivu chini ya chembe ya moyo, amechelewa, na degedege linaweza kufuata. Vipimo viwili vya dakika chache, visivyohitaji daktari bingwa, ndivyo vinavyoitangulia hatari hiyo. Ndivyo hivyo vinavyokosekana.

Kwa faida ya wasomaji wenzangu, niseme mama anatakiwa apate nini kliniki. Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Hapo mkunga anamuuliza historia ya uzazi wake na magonjwa aliyowahi kuugua, kisha anapimwa kundi la damu, wingi wa damu, VVU na kaswende, na anaangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Anapewa chandarua chenye dawa na vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Kuanzia miezi mitatu ya pili anapewa SP ya kumkinga na malaria, dozi zikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi, na anazimeza palepale mbele ya mhudumu. Anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwa hiyo ni lazima aulizwe kwanza. Presha, mkojo na ukuaji wa tumbo ni vya kila hudhurio. Mimba ikishakua, mkunga anasikiliza pia mapigo ya moyo ya mtoto na kumuuliza mama kama mtoto anacheza. Mwishoni anaangalia mtoto amelalaje, na wanapanga pamoja mama atajifungulia wapi na atafikaje huko.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane badala ya manne ya zamani. Ni sawa, lakini mama akihudhuria mara nane na kuondoka na mistari kwenye kadi, tutakuwa tumehesabu safari zake tu.

Jambo la pili ni hili suala la wenza. Siku ya kwanza mimi na mke wangu tuliingizwa ndani mapema, tukawapita akina mama waliotutangulia, kwa sababu tu nilikuwapo. Binti mmoja aliyekuja peke yake aliambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mwenza. Akaondoka na tumbo lake. Je, mjane afanye nini? Na yule ambaye mumewe ni dereva wa malori yuko Tunduma? Kumpima baba VVU ni jambo jema na sina kinyongo nalo, ila mama asinyimwe huduma kwa sababu ya mwanamume ambaye hayupo. Tena sisi tunaofika, tukishatobolewa kidole, tunaambiwa tukasubiri nje. Dalili za hatari anaelezwa mama peke yake, ilhali usiku wa manane mwenye kutafuta bajaji ni baba.

Sitaki kuwabebesha lawama wakunga. Niliwaona wawili wakihudumia benchi zima, simu inaita, na mwingine ameitwa wodini. Taifa limepiga hatua: kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Ni jambo la kujivunia. Ndiyo maana haiingii akilini kwamba mafanikio hayo yakwamishwe na betri. Na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilishatamka kwamba wajawazito wahudumiwe bila malipo; kumpeleka mama maabara ya kulipia ni kuikwepa sera hiyo kwa mlango wa nyuma.

Naziomba halmashauri na waganga wafawidhi wafanye haya. Kila kliniki iwe na mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, isiyohitaji betri, ya kutumia ile nyingine ikigoma. Kamati za afya za vituo zikague akiba ya vijiti vya mkojo kila mwezi, kabla havijaisha. Orodha ya vipimo vya kila hudhurio ibandikwe ukutani, pale kwenye mabenchi, kwa Kiswahili chepesi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ifutwe. Na baba aliyefika aruhusiwe kuketi na kusikiliza hadi mwisho.

Nanyi akina mama, kadi ile ni yenu. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, mwombeni mkunga awasomee alichoandika, na mkiona mstari mahali pa presha, ulizeni mtapimwa wapi siku hiyohiyo.

Ni mimi msomaji wako,
Baba mtarajiwa,
Morogoro.