BARAZA YA MWALIMU: Mvua Siku ya Matawi

Mwalimu mmoja wa jirani ameniuliza kama ni halali kwa Mkristo kuomba mvua isinyeshe Jumapili ya Matawi, ili maandamano yapite vema. Nalitaka kumjibu kwa neno moja, nikaona siwezi, kwa kuwa jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na sikutoka ndani yake bila aibu.

Kwanza na tujue kwa nini sikukuu hii na mvua hukutana kwetu karibu kila mwaka. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walikata shauri kwamba Wakristo wote waishike Pasaka siku moja, na hesabu iliyokuja kukubaliwa ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Matawi hayatangulii 15 Machi wala hayapiti 18 Aprili. Huko Yerusalemi mvua huanza kama mwezi wa Oktoba, na ifikapo Aprili inakwisha. Njia ni kavu, watu waweza kutandika nguo zao chini apite Bwana. Lakini kwetu, siku zile zile, jua limekwisha kupita juu ya vichwa vyetu likielekea kaskazini, na ukanda wa mawingu hulifuata nyuma. Kaskazi inalegea, kusi inaanza, nayo ni masika. Mtu akitandika kanzu yake njiani kwetu siku hiyo, ataifua siku tatu.

Kijiji chetu ki chini ya milima ya Usambara. Kanisa li upande huu wa kijito, na nusu ya Wakristo wakaa ng'ambo. Desturi tuliyoachiwa na wazee ni kubariki matawi chini ya mwembe ulio ng'ambo, kisha kuja kwa nyimbo na ngoma, tukivuka maji juu ya gogo, mpaka mlangoni pa kanisa. Watu waipenda sana desturi hii, hata wasio Wakristo hutoka nje kutazama.

Mwaka 2019, tarehe 14 Aprili, tulifika kijitoni tukakuta gogo limefunikwa, na maji yafika magotini. Wengine wakasema turudi. Mimi nikasema kwa sauti kuu, "Tuvuke, Bwana yu pamoja nasi." Nalisema hivyo kwa imani, au kwa kuwa ng'ambo ya pili wageni walikuwa wakitutazama? Nimejiuliza mara nyingi. Katikati ya maji mtoto mmoja wa kike akateleza, akachukuliwa hatua kama kumi, hata kijana mmoja akamdaka kwa ile kanga aliyofungwa kiunoni. Alikuwa hai. Mama yake hakuniambia neno. Alinitazama tu, akampakata mwanawe, akaenda zake. Laiti angalinigombeza.

Hata mwaka 2025 Matawi yakawa 13 Aprili, na mvua ilikuwa imeshika tangu Jumatano. Usiku wa Ijumaa nikasikia hodi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema, ambaye wajukuu wake walikuwa wamefundishwa nyimbo za siku ile mwezi mzima. Akaketi, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, kule bondeni yuko mtu ajuaye kuifunga mvua. Ataka kuku na shilingi elfu thelathini. Ni mpaka saa sita mchana tu, kisha aifungue. Wewe huna haja ya kujua."

Nikamwambia, "Baba, umekwisha kunijulisha." Nikakataa.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Jumapili iliyopita ulisimama madhabahuni ukaomba mvua isinyeshe siku ya Matawi. Yule asema isinyeshe, nawe wasema isinyeshe. Mmeachana wapi?"

Ndugu zangu walimu, nalisoma chuoni, na vitabu ninavyo, walakini usiku ule sikuwa na jibu. Nalimsindikiza kwa taa mpaka kwenye gogo, nikarudi.

Asubuhi akaja mjane mmoja kuomba jembe la kuchimbia mfereji. Nikasema, kama mtu asemavyo tu, "Mvua hii imezidi, Mama." Akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu, si mwezi wa Februari tuliyoiomba? Nalileta mbegu zangu ukazibariki. Mahindi yangu sasa yafika hapa," akaonyesha magoti yake. "Ikikatika leo, nitawalisha nini watoto?" Mimi nalikuwa nimesahau kabisa ibada ile ya Februari. Yeye hakusahau.

Basi jioni ile sikuomba tena mvua izuiwe. Naliomba tupewe akili, na watu wote wafike nyumbani salama.

Jumapili kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, jua limetokeza kidogo, na vijana wakafurahi wakaanza kukaza ngoma. Lakini nalikwenda kijitoni nikaona maji mekundu, yamechukua majani na vijiti. Walimu wenzangu, lishikeni neno hili: mvua ikinyesha milimani, kijito cha chini hujaa hata kama kwenu ni kukavu. Na maji yaendayo kwa nguvu, yakifika magotini, humwangusha mtu mzima, seuze mtoto. Tena, mwembe si mahali pa kukimbilia wakati wa radi. Ukiona umeme na ngurumo ikaja kabla hujahesabu thelathini, wapelekeni watoto katika nyumba nzuri, matawi yabaki.

Nikasema hatuvuki. Vijana wakanung'unika sana, na mmoja akasema mwalimu ameingiwa na hofu. Alisema kweli. Nikampigia simu yule mzee, awakusanye watu wa ng'ambo chini ya paa la shule ya awali, wayainue matawi yao huko. Sisi tukaizunguka kanisa mara moja. Kisha tukashuka wote tukasimama ukingoni, mbali na maji, wao kule na sisi huku. Mwanzoni nyimbo zilipishana, maana kila upande ulianza wake. Hata mwisho wao wakaimba ubeti, sisi tukaitika, na watoto wakapunga matawi juu ya kijito. Haikupita nusu saa, mvua ikashuka kwa kishindo, tukakimbia.

Siku ya tatu maji yalipopungua, mzee akavuka. Akasema, "Mwalimu, deni langu la maneno hujalilipa." Nikamwambia habari za Samweli, aliyemwomba Mungu mvua na ngurumo wakati wa mavuno ya ngano, wakati ambapo kwao mvua ni nadra. Kabla ya kuomba, aliwasimamisha watu wote wamshuhudie kama amepata kuchukua ng'ombe wa mtu au punda wa mtu, nao wakashuhudia kwamba hakuchukua. Na Eliya alipozuiliwa mvua, kile kijito alichokunywa yeye mwenyewe kilikauka. "Huyu wa bondeni auza mvua asiyoipanda, Baba, na wewe wanunua ukame wa saa sita kwa shamba la mjane. Mimi naliomba jambo lile lile bila kulipa, nikamsahau mjane yule yule. Naona nilikuwa karibu sana na huyo mtu wako kuliko nilivyodhani."

Akacheka kidogo. "Na Matawi ya mwaka ujao?"

"Tarehe 29 Machi."

"Masika yatakuwa ndiyo kwanza yaanza," akasema. Akaondoka, akaniomba kamba na kipimo, tukaenda wote wawili kulitazama lile gogo.