Sitini Zangu Hazitaki Kamati

KAHAWA CHUNGU
Na Mgosi Bakari

Jumamosi jioni, Bustani ya Jamhuri, Tanga. Mzee wa rika langu kasimamishwa kwenye nyasi na suti ya rangi ya maziwa, nyuma yake maputo mawili ya dhahabu, moja la 6 na moja la 0. Mara ya kwanza kaingia akipunga mkono. Mpiga picha akasema haikutoka vizuri, mzee akarudishwa hadi kwenye gari. Kaingia tena, safari hii akijitikisa kidogo kama alivyoelekezwa, spika ikakata. Karudishwa. Mara ya tatu hakuwa akicheza tena, alikuwa anachechemea, na wajukuu wakashangilia wakidhani ni staili mpya.

Viti vyote vimeipa mgongo bahari. Watu wamekuja hadi ukingoni pale, Kisiwa cha Toten kile mbele yao, mitumbwi inarudi, halafu wamekaa wanatazama jenereta. Bahari nzima imegeuzwa pazia la kupigia picha.

MC akahesabu tatu, mbili, moja. Ndoo ya maji ikamshukia mzee kichwani. Ikafuata ya pili. Kisha binti mmoja, ambaye naomba Mungu awe mkwe maana wa kumzaa mwenyewe asingethubutu, akammiminia unga wa ngano. Ungekuwa sembe ingekuwa nafuu. Ngano na maji mnajua zikikutana zinakuwa nini. Mzee akapiga magoti akipapasa miwani yake kwenye majani. Simu lukuki zinamrekodi, mkono wa kumsaidia kupapasa hakuna.

Nikainuka. Mwenyekiti (wageni wa safu hii: ni mke wangu, na hakupigiwa kura) hakuwapo kunishika shati. Nikamfuata yule MC nikamwambia taratibu, mwanangu, mzee kaloa, mtafutieni taulo. Akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo babu," kisha akaisogeza maiki mdomoni: "Jamani, na babu yetu huku anaomba ndoo yake!" Makofi. Vigelegele. Niliondoka pale kwa mwendo ambao daktari wangu amekuwa akinisihi niufanye tangu mwaka juzi.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi ili wenye haraka wakaendelee na kurasa za michezo: mtu mzima akitimiza miaka, mwacheni. Akitaka watu, atawaita. Akitaka pilau, mdomo anao. Kummwagia maji mtu mwenye presha mbele ya hadhara ni shambulio, na kuwapo kwa keki mezani hakulipunguzi kosa.

Aliyetufikisha hapa namjua, ni kamati ya harusi. Tuliikubali kwenye harusi, kwa kuwa harusi ni ya watu. Ikazaa send-off, tukanyamaza. Ikazaa kitchen party, wanaume tukajifanya hayatuhusu. Sasa msimu wa harusi ukipita, MC amekaa na maiki yake, mpambaji na vitambaa vyake, kijana wa droni na deni la droni. Wale nini? Siku moja wakagundua kwamba kila mtu alizaliwa. Yule msomaji wangu wa Mbagala, anayeniandikia kila Jumatatu kunipinga, atasema hiyo ni ajira kwa vijana. Kweli. Hata kuchimba makaburi ni ajira, lakini hatujawahi kumharakisha mtu kwa sababu hiyo.

Wajapani, mtu akifika sitini, desturi yao ni kumvisha kizibao chekundu na kofia nyekundu. Sawa, hizo ni nguo. Zinakauka.

Mimi mwenyewe nilikuwa Tanga kwa kukimbia jambo hilohilo. Nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, kwa hiyo juma hili nimeingia sitini. Hata serikali inaijua namba hii: mtumishi wa umma akifika 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, akifika 60 haulizwi. Hospitali nako kuna dirisha la wazee. Sherehe niliyojipangia ilikuwa kwenda kusimama pale dirishani, nikahudumiwa, nikaiaga foleni ya vijana kwa heshima zote, nikarudi nyumbani.

Kumbe nyumbani kuna kundi la WhatsApp. Linaitwa "Sapraizi ya Baba", na mimi nimelijua kwa sababu mweka hazina, mwanangu wa pili, aliniingiza mwenyewe akidhani ananiingiza Baba Mdogo. Kabla hajanitoa nilikuwa nimeshasoma bajeti. Ukumbi. MC. Mapambo. Droni. Keki ya ngazi tatu. Sare za kitenge za wanakamati. Nauli za wanakamati kwenda kwenye kikao cha kujadili sare. Chini kabisa, baada ya "dharura", kuna "zawadi ya mhusika". Mhusika ni mimi. Ikafuata orodha ya walioahidi na hawajatoa, yakiwamo majina ya shemeji zangu na la jirani mwenye jogoo. Wasomaji wa siku nyingi mnajua mimi na jirani yule tulipofikia kuhusu jogoo. Leo anadaiwa hadharani kwa ajili ya kuzaliwa kwangu! Nitamwangalia vipi?

Alfajiri nikapanda basi, nimemuaga Mwenyekiti tu. Aliniuliza kama nimechukua dawa. Hiyo ndiyo hotuba ya sitini niliyoihitaji.

Ukishapinda Segera, mtoto wa Tanga anaanza kupumua vingine. Hale, kisha mkonge kushoto na kulia, kisha Muheza na machungwa yake yaliyomenywa kwa mzunguko, yanakuja dirishani kabla basi halijasimama. Mkonge ule aliuleta Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Pangani hai 62 tu. Kwa miche 62 nchi ikaja kuzalisha tani kama 230,000 mwaka 1964, tukawa wa kwanza duniani, hadi nailoni ilipotukuta. Nilikuwa nayawaza hayo nikimung'unya chungwa, nikaona mtu wa miaka sitini hajachelewa sana.

Ngamiani niliingia kwa mguu. Mitaa yake ina namba, kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja, na sisi utotoni tulipigana kwa namba hizo bila kujua sababu. Ukitumwa dukani barabara isiyo yako unakwenda mbio, unarudi mbio, na chenji umeificha mdomoni. Nikapita Majestic, tulikotazamia Sholay hadi tukawa tunajibizana Kihindi tusichokielewa. Mwembe wa kona yetu haupo; zimejengwa fremu, moja ya kuuza vifuniko vya simu, nyingine imefungwa. Chuo tulichosomea Kurani kina vigae sasa. Zamani kilikuwa na mkeka, na mkeka ulikuwa na kunguni, na kunguni ndio waliotukesha macho kuliko bakora ya maalimu.

Mkwakwani nilikaa kidogo nje ya uwanja. Hatukuwa na pesa za kiingilio, ila ulikuwapo utaratibu: unamwona mtu mzima yeyote anaelekea getini, unamshika mkono, unakaa kimya. Mkata tiketi anamwona mzee na mwanawe, anapisha. Wengi hawakutukatalia. Mtu alikubali kuwa baba kwa dakika tisini, mpira ukiisha kila mmoja anashika njia yake, na jina lako hakuliuliza. Coastal walipochukua ubingwa mwaka 1988 nilikuwa mkubwa tayari, nalipa mwenyewe, na raha ilikuwa imepungua. (Wanaonitumia salamu za pole za Coastal kila msimu, nimezipata zote. Endeleeni tu.)

Bethdei hatukuwa nazo. Bibi yangu alihesabu umri wake kwa vita vya 1914, vile ambavyo nyuki waliwavamia askari hapahapa Tanga. Alisema alikuwa ameshaota meno. Tarehe? Ya nini? Siku ya kuzaliwa tuliyoijua ni moja, ya Mtume, na pilau ya Maulidi ilikuwa ya mtaa mzima. Hakukuwa na orodha ya wasiochangia. Kama ilikuwapo, aliyeiweka alikuwa na adabu ya kuificha.

Mwisho nikafika nyumbani kwetu. Nikasimama upande wa pili wa barabara, nikatazama. Madirisha yamebadilishwa, baraza ni lilelile. Sasa jaribuni, wazee wenzangu, kusimama Ngamiani mnatazama nyumba ya watu bila kusema kitu. Haikupita muda akatoka mwanamama mwenye ungo wa mchele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kama ni kwa ajili ya urithi, kesi bado iko baraza la ardhi. Kama ni dalali, haiuzwi."

"Nilizaliwa humu ndani, mwanangu."

"Wote huanza hivyohivyo," akasema.

Nikamtajia chumba cha uani kilichokuwa kinavuja, nikamtajia kisima na mahali kilipo. Akanipima kwa macho, akaniambia nipite. Kisima kipo, kimefunikwa bati na jiwe juu yake; siku hizi maji ni ya bomba. Akaniondolea bati mwenyewe. Kwenye mdomo wa saruji kuna mifereji iliyochimbwa na kamba za ndoo, mingine inaingia kidole kizima. Zamu yangu ilikuwa baada ya swala ya alfajiri, nikifuatiwa na dada yangu, ambaye siku zote aliteka upande wa msikitini kwa kudai upande wangu una jini. Mfereji wa upande wake ni mfupi kuliko wangu. Nilikuwa najua alikuwa mvivu, ila nilikosa ushahidi. Nimeupiga picha, nimemtumia Muscat anakoishi. Kajibu kwamba saruji ya upande ule ilikuwa ngumu zaidi.

Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe. Nikamwita, nikanunua na kashata, tukakaa barazani, mimi na yule mama na muuza kahawa aliyepata kisingizio cha kupumzika. Kahawa ilikuwa na tangawizi nyingi, ya kukwaruza koo. Katikati ya maongezi ya bei ya mchele nikasema, leo natimiza sitini.

"Hongera, mzee. Mungu akuzidishie," akasema yule mama, akaendelea kupepeta. Muuza kahawa akaniongeza kikombe, hakukihesabu.

Basi. Hakuna aliyelowa. Ndiyo maana nilipotoka pale nikaenda kupunga upepo Jamhuri na kukuta mwenzangu anageuzwa chapati, damu ilinichemka kiasi kile. Natamani ningalimchukua yule mzee tukakaa kwa yule mama, hata na unga wake kichwani. Nina hakika asingeulizwa.

Nimerudi Dar es Salaam. Watoto wamenuna, Mwenyekiti ananitetea kwa masharti. Nimemwambia mweka hazina awarudishie watu fedha zao, aanze na jirani wa jogoo, ambaye nasikia alikuwa amelipa nusu. Kajibu kwamba katiba ya kundi hairuhusu kurudisha michango, fedha zinahamishiwa tukio linalofuata. Nikamuuliza, tukio gani hilo?

"La kwako hilohilo, Baba. Lile jingine. Mungu akupe umri."

Ameshaliandika kwenye kundi, na safari hii kila mtu alijibu siku hiyohiyo. Hata jirani: amemalizia nusu yake iliyobaki.