Kigoma ya lami haihitaji magari makubwa kiasi hiki

Kwa miaka mingi mkazi wa Kigoma aliyepata fedha za kununua gari hakuwa na mengi ya kuchagua. Barabara ya Kasulu ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, ya Uvinza vivyo hivyo, na kwenda Tabora kwa gari ilikuwa safari ya kubeba jembe, panga na kamba ya kuvutia. Reli iliyofika hapa mwaka 1914 ndiyo ilikuwa njia ya uhakika ya Dar es Salaam, umbali unaopita kilomita 1,200. Aliyetaka gari alitafuta lililo juu, lenye springi ngumu na linalovuta kwa magurudumu yote manne. Land Cruiser Hardtop na Land Rover zilikuwa zana za kazi, na aliyezinunua hakuwa akijionyesha kwa mtu.

Kisha wakaja wakimbizi, na nyuma yao mashirika. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, na Nduta wilayani Kibondo ikajaa tena Warundi kuanzia 2015. Kila shirika lilikuja na Land Cruiser nyeupe, antena ndefu mbele na bendera ubavuni. Kijana aliyekulia Kasulu au Kibondo aliona kwamba ajira nzuri hushuka kutoka kwenye gari kubwa. Picha hiyo imekaa vichwani mwa watu, na leo inawagharimu waliokwisha kuwa wazazi, walimu, wauguzi na wafanyabiashara.

Kwa maana barabara zimebadilika. Lami imeshuka kutoka Mwandiga hadi Manyovu mpakani na Burundi, imepita Kidahwe kwenda Kasulu, na imekwenda zaidi ya kilomita 70 kutoka Kidahwe hadi Uvinza. Mto Malagarasi una Daraja la Kikwete. Ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, mtu anayelala Mwanga na kufanya kazi Ujiji hupita lami kwenda na kurudi. Sababu ya gari kubwa imepungua sana, tamaa yake imebaki palepale, na pengo kati ya hizo mbili linalipwa kwa mishahara ya watu wasio na cha kupoteza.

Wengi huanza kukosea kwenye bei ya kununulia. Mnunuzi huona Harrier iliyotumika Japani ikitangazwa kwa dola zinazokaribiana na za IST, akajiuliza kwa nini achukue dogo wakati kubwa liko karibu hivyo. Kodi ya bandarini nayo haimwonyi. Mfano ni gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 ambalo thamani yake forodhani, pamoja na usafiri na bima ya kulifikisha, ni shilingi milioni 5. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi 1,250,000. Kodi ya uchakavu kwa gari la umri huo ni asilimia 30, nayo hupigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ule ushuru: shilingi 1,875,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, na kwa injini inayozidi hapo ni asilimia 10. VAT ya asilimia 18 hupanda juu ya jumla yote.

Hesabu hiyo, bila tozo ndogondogo za reli na huduma ya forodha, inatoa karibu shilingi 4,956,000 kwa injini ndogo na 5,325,000 kwa injini kubwa. Tofauti ni shilingi laki tatu na elfu sitini na tisa hivi. Kwa mtu anayetoa milioni 10, laki tatu na ushei si kitu cha kumzuia. Hapo ndipo anaposema, acha nichukue la heshima.

Gharama yenyewe inamsubiri Kigoma. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hupanda kadiri unavyoondoka baharini, na lita ya petroli Kigoma kwa kawaida huipita ile ya Dar es Salaam kwa shilingi mia mbili na zaidi, kwa sababu lori lazima lilipwe kuvuka nchi nzima. Tuseme lita ni shilingi 3,200. Gari la cc 1,300 lililotunzwa hutembea kilomita 14 hivi kwa lita. Lenye injini kubwa, la juu na zito, hutembea 8. Mtu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi atatumia kama shilingi 229,000 kwa dogo na 400,000 kwa kubwa. Tofauti ni laki moja na elfu sabini kila mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tofauti ile ya mafuta pekee ni theluthi ya mshahara huo. Hata kwa mwalimu au mganga anayelipwa maradufu, si fedha ya kupuuza, hasa akiwa amelichukua gari kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mfanyakazi baada ya makato. Theluthi hiyo ndiyo ada ya shule, unga, dagaa, kodi ya nyumba na dawa. Ikibidi itoe na mafuta ya injini ya cc 2,400, kuna kitu nyumbani kitaachwa, na mara nyingi kinachoachwa ni cha mtoto.

Serikali yenyewe ilihamishia mzigo kwenye mafuta. Katika bajeti ya Juni 2017, Philip Mpango, mzaliwa wa mkoa huu, akiwa Waziri wa Fedha, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Ulikuwa uamuzi wa haki: anayetembea sana na anayechoma sana ndiye anayelipa zaidi. Lakini wanunuzi wachache walibadili uchaguzi wao kwa sababu hiyo. Ada ya mwaka ilikuwa inaonekana, ina stika na ina tarehe. Shilingi 40 imo ndani ya lita na hakuna anayeiona, hasa katika mji ambao wengi hujaza mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu kumi kesho. Elfu kumi hiyo inampeleka mwenye IST kilomita zaidi ya 40. Mwenye gari la kilomita 8 kwa lita inamwacha kwenye 25.

Kuna vipuri pia, na hapa mtu wa Kigoma yuko mahali pagumu kuliko mtu wa Dar es Salaam anayejitembelea Kariakoo. Injini ya cc 1,500 ya Toyota iitwayo 1NZ imo ndani ya IST, Probox, Sienta, Raum na magari mengine kadhaa madogo. Plagi, filta na pampu ya maji ya injini hiyo hupatikana katika duka la kawaida la spea, na fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaifungua akiwa anaongea na mteja mwingine. Gari kubwa lenye mfumo wa shokapu za upepo, au injini ya silinda sita isiyo ya kawaida, hupigiwa simu Dar es Salaam. Picha ya kifaa hutumwa kwa simu, fedha hutumwa, kifaa hupakiwa kwenye basi, na kikifika kikakutwa si chenyewe, safari inaanza upya. Ukipita gereji za mjini, angalia magari yaliyoinuliwa juu ya mawe kwa wiki nyingi, vumbi limetanda kwenye kioo na majani ya mwembe yamejaa chini ya waipa. Mengi ni makubwa. Wenye nayo wanakwenda kazini kwa bodaboda.

Wanaojua hesabu za gari kuliko wote ni wale ambao gari ndilo linalowalisha, na wao walikwisha kuamua zamani. Michomoko inayobeba abiria kati ya Kigoma, Kasulu na Manyovu ni Probox kwa sehemu kubwa, gari lililoingia sokoni Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kubebea bidhaa, nyuma springi ngumu, ndani hakuna urembo. Kirikuu, Suzuki Carry ya cc 660, ndiyo inayopandisha madumu ya mawese na magunia ya dagaa kutoka mwaloni Kibirizi hadi sokoni Mwanga. Dereva wa kirikuu anajua kila tone la petroli limeingiza shilingi ngapi. Angekuwa anapata faida kwa kutumia gari kubwa, angekuwa ameshalinunua.

Jambo moja lisifichwe. Mchomoko unaopakia watu tisa au kumi katika gari la watano ni hatari, na wapo waliokufa barabarani kwa kujazwa namna hiyo. Kasoro hiyo ni ya upakiaji na ya usimamizi. Probox yenye abiria wanne na mikanda imefungwa ni gari salama la kutosha kwenda nalo Kasulu.

Wenye kutetea gari kubwa wana hoja zao, na mbili zina uzito. Ya kwanza ni ya mwambao wa kusini. Ukivuka kivuko cha Ilagala kuelekea Kalya, wilayani Uvinza, barabara ni ya udongo, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huifanya kuwa mfereji. Mganga wa zahanati huko, mnunuzi wa samaki au mkandarasi anahitaji Hardtop, na asilaumiwe. Injini yake ya dizeli ya cc 4,164 isiyo na mambo ya kompyuta hutengenezeka hata kijijini. Kwa mtu huyo gari dogo ndilo lingekuwa ufujaji. Lakini wanaoishi maisha hayo ni wachache miongoni mwa wanaonunua magari makubwa mjini. Wengi wanaitaja Kalya, ambako walikwenda mara moja kwenye msiba. Safari ya namna hiyo hukodiwa gari au huchangiwa na ndugu, na fedha za mafuta zinazookolewa kwa mwaka mmoja zinalipa safari kadhaa. Na katika vijiji vya mwambao wa kaskazini, kama Mwamgongo, hata Hardtop haisaidii sana: huko wenyeji hutegemea boti za Kibirizi.

Hoja ya pili ni familia. Kaya za Kigoma ni kubwa, na Vitz haiwezi kubeba baba, mama, watoto watano na bibi. Ni kweli kabisa. Ila jibu la watu wengi si lazima liwe injini kubwa. Toyota Sienta ina viti saba na injini ileile ya cc 1,500. Noah ina viti vinane na injini ya cc 2,000, na mafundi wa hapa wanaifahamu kama mikono yao. Na anayeogopa utelezi wa njia ya kwake Gungu au Bangwe ajue kwamba Wajapani huendesha kwenye theluji: Vitz, IST na Probox zilitengenezwa pia zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Muuzaji aulizwe, kwani mara nyingi bei haitofautiani sana.

Inabaki heshima, ambayo wengi hawaitaji kwa sauti ingawa ndiyo nzito kuliko zote. Mkuu wa idara aliyefika sherehe kwa Vitz huelekezwa aegeshe nyuma. Aliyekuja na Prado hufunguliwa geti. Tabia hiyo inajengwa kutoka juu. Viongozi wanapopita na mashangingi kwenye lami ya mjini, wananchi wanajifunza. Kenya walijaribu kuanzia juu: Juni 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alitangaza kuwa magari ya serikali yasizidi cc 1,800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Baadhi walizipokea, wengine wakasuasua, na baada ya miaka michache magari makubwa yakarudi barabarani. Jaribio lile halikudumu, lakini wazo lake lilikuwa sahihi. Mkoa wa Kigoma unaweza kufanya kwa vitendo bila tamko: ofisa ambaye kazi yake yote iko ndani ya manispaa apewe gari dogo, na Hardtop ziende kwa wanaovuka Ilagala.

Kwa anayejiandaa kusaini mkopo mwezi huu, aandike kwanza kilomita anazotembea kwa wiki, aende duka la spea aulize bei ya shokapu, tairi na pampu ya gari analolitaka, kisha ailinganishe jumla hiyo na kinachobaki kwenye mshahara baada ya makato. Wabunge wa mkoa nao, bajeti ikisomwa Dodoma mwezi Juni, waibane Wizara ya Fedha kuhusu ile tofauti ya asilimia 5 na 10. Injini isiyozidi cc 1,500 ipunguziwe ushuru, na inayozidi cc 2,000 iongezewe, isipokuwa kwa magari ya kazi ya vijijini, ili tofauti ya kodi ionekane bandarini kabla fedha ya mnunuzi haijatoka.